Mswaki wa Marehemu

SEHEMU YA KWANZA

Chumvi haiozi. Ndilo jibu alilompa Ami kila aliyemwonya asivuke Malaba. Wenye nyanya na wenye samaki wageuze, alisema. Sisi tumebeba magunia ya chumvi kutoka Mombasa, hata tukikwama mwezi mzima itabaki kuwa chumvi. Ilikuwa Oktoba 1987. Mimi nilikuwa taniboi wake, umri wangu miaka 19, kazi yangu kuweka gogo nyuma ya tairi tukisimama mlimani, kulala juu ya mzigo usiku, na kutouliza maswali.

Nilimwita Ami kwa heshima tu, nasaba hatukuwa nayo. Yeye mtu wa Majengo, tasbihi yake ikining'inia kwenye kioo cha lori. Mimi Mrabai, mtoto wa misheni, na sisi Warabai hatuchoki kumkumbusha mtu kwamba mmisionari Krapf alijenga kwetu kabla ya kwao. Tulibishana dini kutoka Mariakani hadi Mto Nile, na hakuna aliyewahi kumnunia mwenziwe.

Pale Malaba karani wa forodha alitupigia mhuri huku akitikisa kichwa.

"Mzee, huko mbele kuna mwanamke."

"Wanawake wako kila mahali," Ami akamjibu.

"Huyu ana jeshi."

Ndivyo nilivyolisikia jina la Alice Lakwena. Wabadilishaji fedha walikuwa na lao la kulalamikia, maana Uganda ilikuwa imekata sifuri mbili kwenye noti zake mwezi Mei na watu walikuwa bado wanaugua hesabu. Lakini siku hiyo hata wao walisahau biashara wakawa wanamzungumzia yeye. Ametoka Acholi, kaskazini kabisa. Amepita Lira, Soroti, Kumi, Mbale. Askari wake hupakwa mafuta, risasi haziwapati. Jiwe likifungwa kitambaa na kurushwa hulipuka kama bomu. Nyuki wako upande wao, nyoka pia. Wanakwenda Kampala kumng'oa Museveni, nao wanakwenda wakiimba nyimbo za kanisani.

Ami alicheka mpaka akakohoa. "Kinjikitile amefufuka," alisema. "Safari hii kavaa gauni."

Bibi yake mzaa mama alikuwa mtu wa Kilwa. Habari za mwaka 1905, za Wamatumbi waliokunywa dawa ili risasi za Mjerumani zigeuke maji, alizinyonya pamoja na maziwa. Nilidhani anamdhihaki Kinjikitile. Nilichelewa kumwelewa.

Usiku wa kwanza tulilala Naluwerere, pale Bugiri, kituo ambacho kila dereva wa njia ile anakijua na wengi hawakitaji mbele ya wake zao. Mwenye hoteli alikuwa mzee wa Kisoga, Mwislamu, aliyeketi karibu na birika lake kama hakimu. Nilipomwambia kwamba sijawahi kusikia Roho Mtakatifu akitaka serikali, alinitazama kwa huruma.

"Mjukuu wangu, wewe umekuja juzi. Mwaka 1892 pale Mengo Wakristo walipigana wao kwa wao. Wakatoliki tukiwaita Wafransa, Waprotestanti Wangereza. Kapteni Lugard akawapa bunduki Wangereza, wakashinda, na tangu hapo vyeo vikagawanywa kwa sala. Vilipokuja vyama, DP watu wakakiita Dini ya Papa. UPC kikawa cha wale wengine. Kila serikali hapa imeingilia mlango wa kanisa. Huyu mama tofauti yake ni kwamba hakubisha hodi."

Kesho yake tulichelewa kuondoka. Tulipoipita Iganga jua lilikuwa linazama, magari ya kutoka Jinja yamekatika kabisa, na kama Ami angekuwa na akili ya kawaida ya binadamu angegeuza. Kilomita chache kabla ya Magamaga, penye kambi ya jeshi, injini ilikohoa mara tatu ikazimika. Dizeli ilikuwa na maji. Nikashuka na spana, nikaanza kulegeza bomba la fueli kwa kupapasa.

Hapo ndipo niliposikia wimbo.

Maneno sikuyajua. Sauti yake niliijua vizuri sana, maana ilikuwa ya wimbo wa kanisani, nimeuimba Rabai nikiwa na kaptura. Ulitoka upande wa kulia, kwenye mashamba, ukisogea. Kisha nikawaona: wanaume wako vifua wazi, wanang'aa kwenye mbalamwezi kama samaki, wamejipanga mistari, wanatembea wima polepole kana kwamba wanakwenda kupokea komunyo.

Upande wa kushoto bunduki zikafunguka.

Mimi na Ami tulikuwa chini kabla sijajua nimeanguka. Wao hawakulala. Mstari wa kwanza ukapungua, wimbo ukaendelea. Mstari wa pili ukapungua. Halafu katika watu wote wale mmoja tu akavunja safu, akakimbia kuelekea kwetu, akajitupa chini ya tela, na mkono wake, unaoteleza kwa mafuta, ukanishika shingo.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*

SEHEMU YA PILI

*Ilipoishia: lori la chumvi limezimika karibu na Magamaga, risasi zinapita juu, na askari mmoja wa Lakwena amejitupa chini ya tela.*

Alinishika shingo si kwa kunidhuru. Mtu anayezama hushika kinachoelea.

Risasi zilipopungua nikamwona vizuri. Alikuwa amenizidi miaka michache tu. Rozari shingoni, suruali ya jeshi imekunjwa, kifua kimepakwa mafuta yenye harufu ya karanga zilizoungulia kwenye moshi. Ni mafuta ya mti wa yaa, kwao kaskazini wanapikia na kujipaka. Harufu hiyo ukishaijua hutaisahau; kwenye shati langu haikutoka hata kwa magadi.

Ami, mtu wa adabu hata akiwa amelala kifudifudi, alimnyooshea mkono. "Salama, mwanangu?"

Kijana akaurudisha wake nyuma. "Nisamehe, mzee. Tukiwa njiani kwenda vitani au kurudi hatusalimii mtu."

Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kile ambacho majeshi ya Uganda yamekirithi tangu enzi za KAR, jeshi la kikoloni la Mwingereza. Kwa Kiswahili hicho akatuhesabia kanuni zao 20, kwa kunong'ona, kidole baada ya kidole. Usivute sigara. Usinywe pombe. Usiibe, usigombane, usiguse mwanamke. Usile nguruwe wala kondoo. Usile pamoja na asiyepakwa mafuta. Usiue nyoka. Usibebe fimbo. Usiwe na hirizi, wala kijiti chochote mfukoni, hata mswaki. Mwanamume awe na korodani mbili, zisizidi wala zisipungue.

"Hiyo naitimiza," Ami akasema.

Kijana alitabasamu, akaendelea. "Na usijifiche. Usilale chini, usijikinge nyuma ya mti wala kichuguu." Akanyamaza. Akatazama mbao za tela juu ya uso wake.

Ami hakumwacha. Alimuuliza kilichomtoa kwao. Nami nitayasimulia majibu yake kwa mpangilio, ingawa yeye aliyatoa vipandevipande, akisikiliza nje kila mara.

Alikuwa askari wa Obote. Alipigana na waasi wa Museveni kule Luwero, na alichofanya huko hakukitaja, alisema tu "Luwero" kisha akameza mate. Julai 1985 Tito Okello, Mwacholi mwenzao, alimpindua Obote. Januari 1986 Museveni akaingia Kampala, nao wakakimbia kaskazini na bunduki zao. Nyumbani hawakupokewa kama mashujaa. Kwa Waacholi aliyeua vitani hurudi na cen, mzuka wa aliyemuua, na mzuka huo huvamia nyumba nzima. Zamani wazee walimtakasa mtu kabla hajavuka kizingiti. Lakini zamani walirudi wachache, waliowaua maadui kwa mikuki. Hawa walirudi maelfu, na waliowaua hata idadi hawaijui. Wazee wangeanzia wapi?

"Mama yangu alikuwa ananiwekea chakula nje," alisema. "Miezi sita. Nje, kama mbwa."

Ndipo akasikia habari za mganga wa Opit. Alice, binti wa katekista Severino Lukoya, mwanamke mchuuzi aliyeachika kwa kukosa mtoto, alipandwa na roho mwaka 1985. Akapotelea Paraa, kwenye maporomoko ya Nile, akakaa huko siku 40. Inasemekana aliwauliza wanyama habari za vita, nao wakamwonyesha majeraha yao. Akayauliza maji, maji yakalalamikia maiti. Roho yake kuu iliitwa Lakwena, yaani mjumbe kwa Kiacholi, nayo ilikuwa ya kapteni wa Kitaliano aliyekufa zamani. Ikimpanda, sauti ya Alice hubadilika ikawa ya kiume, na karani hukaa pembeni kuandika. Mwanzo alikuwa anaganga tu. Agosti 1986 roho ikasema ni kazi bure kumponya mtu leo ili apigwe risasi kesho. Kusanya jeshi.

Msomaji atasema hawa ni watu wa kijijini wasiosoma. Basi ajue kwamba Profesa Isaac Newton Ojok, waziri wa elimu wa zamani katika serikali ya Obote, naye alijiunga.

"Wewe uliamini?" nilimuuliza. Lilikuwa swali la mtoto wa misheni.

"Nilitakaswa," alijibu. "Usiku ule nililala. Tangu Luwero sikuwa nimelala. Wewe unajua kulala, ndiyo maana unauliza kuhusu kuamini."

Nikanyamaza. Ami akauliza lile ambalo mimi nisingethubutu. "Na wanaokufa? Mbona nimeona wanaanguka?"

"Anayekufa amevunja kanuni."

"Wote wale?"

Kijana alikaa kimya kirefu. Kwa mbali kuna mtu alikuwa anamwita mamake, kwa lugha ambayo haihitaji mkalimani.

"Rafiki yangu alikufa pale Tororo," alisema mwishowe. "Tulizaliwa kijiji kimoja. Hakuvuta, hakuiba, hakumgusa mwanamke, usiku alikuwa anaamka kusali wakati sisi tumelala. Risasi ikampata hapa." Akagusa koo. "Wakaja kumpekua, kutafuta dhambi yake. Wakakuta mswaki mfukoni. Watu wote wakasema: ahaa. Wakafurahi, mzee. Jeshi zima likalala vizuri."

"Basi alivunja," nikasema.

"Mswaki ulikuwa wangu." Alisema hivyo akitazama mbao. "Niliutoa kwenye nywele zangu, nikamtia mfukoni kabla hawajafika. Kama yeye alikufa safi, sisi wengine tunatembea na nini?"

Ami alifungua mdomo, kisha akaufunga. Sijawahi kumwona akikosa neno kabla ya siku ile, wala baada yake.

Buti zikatua barabarani. Tochi ikamulika matairi. Ami akanisukuma kwa kiwiko, tukajiburuta nje haraka, mikono juu, ili asiwepo wa kuinama kututafuta. Mbele yetu alisimama kadogo, mmoja wa watoto wale wa jeshi la Museveni, umri wa miaka 12 hivi, gumbuti zinampwaya, bunduki inamfika kidevuni.

"Nyinyi natoka wapi?"

"Mombasa, mwanangu. Tumebeba chumvi."

Mtoto akanisogelea. Akanusa hewa. Akainua pua yake mpaka karibu na shingo yangu, pale mkono uliponishika, akanusa tena. Kisha akarudi hatua mbili na kukoki bunduki.

"Afande!" aliita. "Huyu ananuka kama wao!"

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*

SEHEMU YA TATU

*Ilipoishia: kadogo amenusa mafuta ya yaa kwenye shingo ya taniboi. Afande anakuja.*

"Mafuta ya nazi," Ami akasema kabla hajaulizwa. "Sisi watu wa pwani hujipaka nazi, afande. Kijana huyu amezidi, anatafuta mchumba."

Afande alikuwa mrefu, mtaratibu, na hakucheka. Aliukamata ukosi wa shati langu, akauvuta puani, akakaa nao hapo muda mrefu kuliko unavyohitajika kutambua harufu yoyote ile. Macho aliyafumba. Nimemfikiria mtu yule miaka mingi, na kila mara namwona hivyo: askari amefumba macho katikati ya barabara ya Jinja, ananusa shati la taniboi.

"Nazi," alisema.

Halafu akachuchumaa, akamulika chini ya tela.

Mimi nilikuwa nasema Baba Yetu kimoyomoyo, nikakwama penye mkate wa kila siku. Nilimsikia afande akitamka maneno mawili matatu kwa sauti ya chini. Hakikuwa Kiswahili. Ilikuwa lugha ya ule wimbo.

Akasimama, akapangusa goti. "Hakuna kitu," akamwambia kadogo. Alitoa pakiti ya sigara, akaandika juu yake namba ya gari letu bila haraka, akaitia mfukoni. "Kukicha muondoke."

Alipokwisha kuondoka nilimuuliza kijana ameambiwa nini.

"Ameniuliza kama mama yangu yuko hai."

Tulikubaliana, mimi na Ami, kumficha katikati ya magunia mpaka Jinja, huko ajipoteze mjini. Ami alimpa shati lake mwenyewe. Kijana alilivaa, akalivua, akalikunja vizuri akalirudisha.

"Nimejificha, mzee," alisema. "Kwa hiyo nitakufa. Afadhali nikafie na wenzangu."

"Lakini mswaki uliutia wewe!" Ami alikuwa karibu kupiga kelele. "Wewe katika watu wote ndiye unayejua kuwa ni uongo!"

"Najua."

Akanikabidhi jiwe lililofungwa kitambaa, bomu lake, kwa mikono miwili kama mtu anayempa mgeni kikombe. Akashika njia ya mashambani kuelekea Magamaga, wima. Jiwe ninalo mpaka leo. Halijalipuka, mke wangu anazuilia mlango wa jikoni.

Sina mengi ya kusema kuhusu siku zilizofuata, maana vita nilivisikia tu. Mizinga iliunguruma siku kadhaa, wimbo ukawa unakatika, unaanza, unakatika. Mwanzoni mwa Novemba hapakuwa tena na jeshi, palikuwa na watu wanaokimbia. Alice hakukamatwa. Wengine walisema ameondoka kwa baiskeli, wengine kwamba nyuki wamembeba. Chumvi tuliiuza Kampala kwa bei ambayo ilimfanya Ami akose usingizi kwa aibu, ingawa si aibu ya kumrudishia mtu pesa.

Usiku mmoja, tukisubiri mzigo wa kurudi nao, nilimwambia kwamba Lakwena ni mwongo. Alikuwa anakunywa kahawa.

"Bibi yangu alikuwa akisema," alijibu, "kwamba Kinjikitile hakuwadanganya watu. Watu walikuwa wamelimishwa pamba ya Mjerumani mpaka mgongo umevunjika. Walikuja kwake wakiwa wamekwisha kuamua. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia hamtakufa." Akasokota tasbihi. "Mimi simlaumu anayekunywa maji. Namwangalia anayeyagawa, kama naye anasimama mstari wa mbele."

Lakwena hakusimama mstari wa mbele. Hilo watu wake walilijua, na walikuwa na kanuni ya kulieleza, kama walivyokuwa nazo za kueleza kila kitu.

Desemba tulianza safari ya kurudi, lori limejaa kahawa. Tukafika Tororo, tukakwama. Majeshi ya Kenya na Uganda yalikuwa yamerushiana risasi pale Busia, mpaka umefungwa, malori yamepanga foleni usiyoweza kuona mwisho wake. Madereva walicheza karata. Redio za pande zote mbili zilitukanana kistaarabu. Habari za kaskazini zilitufikia kwa minong'ono: kwamba baba yake Alice, Mzee Lukoya, naye sasa anadai kuwa na roho, na kwamba kuna kijana wa Odek, Joseph Kony, anayejiita jamaa yake, ambaye anakusanya masalia ya jeshi na kuwapaka mafuta upya. Hilo jina la pili halikutushtua. Tungejuaje?

Usiku wa tatu mlango wa kabini uligongwa mara mbili, taratibu.

Ami alishusha kioo. Nje alisimama mtu mrefu aliyevaa koti la kiraia. Sikumtambua mpaka alipotoa pakiti tupu ya sigara na kuipeleka kwenye mwanga wa dashibodi. Juu yake palikuwa na namba ya gari letu.

"Mzee," alisema afande, "mafuta yale ya nazi uliyapitisha bila ushuru. Nimekuja kudai."

"Kiasi gani?"

"Sitaki pesa. Mpaka utafunguliwa asubuhi kwa saa chache. Nina mtu wa kuvusha."

Akajitenga pembeni. Nyuma yake, katikati ya tela mbili, alisimama mwanamke aliyejifunika shuka mpaka usoni. Mguu mmoja haukukanyaga sawa. Rozari nyeupe ilimzunguka mkono mara tatu. Pembeni yake alikuwepo kijana ameinamisha kichwa, amebeba daftari kubwa kama la karani, na alipoinua uso nikashika mlango nisianguke. Kwenye nywele zake, juu ya sikio, palikuwa na mswaki.

Hakunitazama. Alikuwa anamtazama mwanamke, kalamu tayari mkononi.

Ami alishuka. Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akasema kwa adabu ileile ya siku zote, "Karibu, mama. Nipe jina lako, nijue nimebeba nani."

Mwanamke alifunua uso. Midomo yake ilifunguka, kijana akaanza kuandika kabla sijasikia neno, na sauti iliyomjibu Ami ilikuwa ya mwanamume.

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*